Kuitunza Mashine ya Boti Nyumbani

(Hotuba ya Katibu wa Muungano mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi)



Halmashauri ilipotupa nafasi ya kusema leo, ilitarajia tutasema habari za hesabu za miaka kumi. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na kila mwenye haja atazisoma kwa utulivu wake. Sisi tumechagua kusema juu ya kitu kilicho mali ya kila mmoja wetu, na ambacho karibu hakuna anayekiangalia, nacho ni mashine ya boti.

Ukerewe ni nchi iliyozungukwa na maji. Machungwa yetu, muhogo wetu na viazi vyetu havifiki sokoni ila kwa chombo, na mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku, akiwa Irugwa au Ukara, hana barabara nyingine. Hatukusahau 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakapotea. Msiba ule ulihusu uzito uliopita kiasi, na habari za uzito zataka hotuba yake. Leo twasema juu ya hatari ndogo inayotokea mara nyingi zaidi: boti inazimika katikati ya safari, upepo unaigeuza ubavu kwa mawimbi, na nahodha anavuta kamba mpaka viganja vinachubuka.

Wazee wetu wa kanda hii ya ziwa, walipoanza kuunda vyama vya wakulima wa pamba mapema katika miaka ya 1950, shabaha yao ya kwanza ilikuwa mizani. Wanunuzi walikuwa wakiwapunja, nao wakaweka watu wao wenyewe wa kupima. Kutokana na juhudi hizo ukapatikana mwaka 1955 ule Muungano mkubwa wa Victoria. Mpaka leo hakuna mwanachama atakayekubali mizani isiyokaguliwa asubuhi. Mbona basi mashine, ambayo bei yake yapita bei ya mizani mara nyingi, hupelekwa majini bila kufunguliwa kifuniko?

Katika masika yaliyopita mashine yetu ya kwanza iliharibika sanduku la gia. Tulikuwapo fundi alipolifungua. Alipochomoa propela, ule ufito wake ulikuwa umeviringwa uzi wa nailoni wa nyavu, uliojikaza kama kamba ya kumfunga mbuzi. Uzi ule ulikuwa umekata mpira unaozuia oili, ambao mafundi huuita sili. Oili ilitoka kidogo kidogo, maji yakaingia mahali pake, na meno ya gia yakalika. Tuliisubiri mashine ile majuma saba. Machungwa ya vyama viwili yalioza pwani, na wanachama waliyaona kwa macho yao. Sili yenyewe ni kipande cha mpira kinachoenea katika kiganja cha mtoto.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunaloomba ni hili: kila baada ya siku chache, na kila mara boti ipitapo juu ya nyavu, propela ivuliwe na ufito utazamwe. Kabla ya kuigusa, kofia ya plagi ichomolewe, maana mashine iliyo moto yaweza kuwaka kwa mzunguko mdogo tu, na vidole haviuzwi dukani.

La pili ni oili ya gia yenyewe. Ubavuni mwa sanduku la gia mna skrubu mbili, ya chini na ya juu. Weka chombo chini yake, fungua ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie. Itazame rangi. Ikiwa safi au imeiva kidogo, ni salama. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia, na mashine hiyo isisafiri mpaka sili ibadilishwe. Oili mpya haimiminwi kwa juu. Yasukumwa kwa tundu la chini mpaka itokeze katika tundu la juu, ndipo ya juu ifungwe kwanza, kisha ya chini, na vile vipete vyake visisahauliwe. Vitabu vingi vya mashine huagiza kazi hii kila saa 100 za kazi au kila miezi sita, na mashine mpya mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye mchanganyiko wa mafuta, na hapa twaomba radhi kwa kusema kwa kirefu, kwa kuwa ndipo ubishi ulipo. Mashine zetu zote mbili ni za mipigo miwili. Haina oili yake ya pekee ndani; oili huingia pamoja na petroli, ikalainisha pistoni, ikaungua. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huwa nyeusi na mashine hukohoa. Kipimo cha kawaida katika kitabu cha mashine zetu ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Dumu la lita 20 lataka mililita 400, yaani chini kidogo ya nusu lita. Mashine mpya, kwa saa 10 za kwanza, hupewa maradufu ya hapo. Kuna manahodha hodari wanaopima kwa jicho, nasi twawaheshimu kwa kulijua ziwa. Lakini jicho halipimi mililita 400 alfajiri penye giza. Kila chama kiwe na kopo lililotiwa alama. Na oili iwe ile iliyoandikwa TC-W3 juu ya chupa, iliyotengenezwa kwa mashine zinazopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki ni rahisi, ila huacha masizi. Mwenye mashine ya mipigo minne asichanganye kabisa. Yake ina oili ndani, naye aipime kwa kijiti chake kila asubuhi.

Petroli nayo ichujwe. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya dumu. Liache dumu litulie, mimina kwa chujio, na kile kinachobaki chini kisiingie katika tangi. Wengi wanaosema mashine ina uchawi wamesahau kufungua skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi.

Tuseme juu ya maji ya kupozea. Chini, karibu na propela, mna matundu ya kuvutia maji, na juu yake mna gurudumu dogo la mpira liitwalo impela. Mashine iwakapo, uzi wa maji hutoka nyuma. Vijana wetu husema mashine inakojoa, nasi hatukupata neno lililo bora. Isipokojoa, izimwe mara moja. Zibua tundu kwa waya mwembamba, ondoa magugu maji na mchanga katika matundu ya chini, kisha ujaribu tena. Ikikataa, impela imechakaa. Ndugu zetu wa bahari ya chumvi hulazimika kuisuuza mashine kwa maji baridi kila warudipo; ziwa letu halina chumvi, ila lina mchanga, na mchanga huula mpira.

Kwa sababu hiyo hiyo mashine isiwashwe nyumbani bila maji, hata kwa muda wa kuhesabu kumi, kwani impela huungua. Ifungwe kwenye pipa lililojaa, maji yafunike lile bati lililo juu ya propela, gia iwe katikati, na pipa liwe uwanjani, si ndani ya ghala, maana moshi wake waua. Ikikusudiwa kuwekwa mwezi mzima, ichomolewe mpira wa mafuta ikiwa inawaka, ingurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta isibaki na mafuta ya kuganda. Kisha isimamishwe wima maji yatoke yote kabla ya kulazwa.

Plagi tutaisema kwa ufupi. Ikiwa ya rangi ya kahawia isiyokolea, mashine ina afya. Nyeusi yenye unyevu, mafuta au oili imezidi. Nyeupe, mashine ina joto la kupita kiasi. Plagi moja mpya, spana yake, kamba ya kuwashia na makasia mawili visitoke katika boti kwa sababu yoyote.

Mashine ikianguka majini, nayo haikuwa ikiwaka, isianikwe juani mpaka Jumatatu. Siku ile ile ichomolewe plagi, ivutwe kamba mpaka maji yatoke, itiwe oili kidogo, iwashwe. Ikianguka ikiwa inawaka, isilazimishwe. Hiyo ni ya fundi.

Bwana Mwenyekiti, sasa twafika mahali ambapo baadhi ya waheshimiwa hawatapendezwa. Mbele ya Mkutano huu liko ombi la kununua mashine ya tatu. Sisi twaomba lisikubaliwe mwaka huu. Si kwamba mizigo haipo. Ipo, tena yaongezeka. Lakini mashine ya tatu itaingia katika nyumba ile ile iliyoharibu ya kwanza. Badala yake twapendekeza sehemu ndogo ya fedha hizo inunue impela, sili, plagi na machujio ya akiba, na kila chama cha msingi kichague watu wawili, mmoja wao kijana, wafundishwe kazi tulizozitaja. Pia twapendekeza daftari la mashine, lenye tarehe, saa za kazi, oili iliyotiwa, na sahihi ya aliyekagua usiku wa kuamkia safari. Pasipo sahihi, ufunguo wa ghala usitolewe.

Tumeambiwa na mzee mmoja wa Halmashauri kwamba kazi hizi ni za fundi, na mkulima ana jembe lake. Shikamoo yake tunampa, lakini fundi yuko mjini ng'ambo ya maji, na hatufikii pasipo mashine hiyo hiyo. Mkulima ajuaye kunoa jembe na kubadili mpini wake hashindwi na skrubu mbili.

Kura itapigwa saa tisa. Mashine ya pili imekwisha kufungwa kwenye pipa nyuma ya ghala, na daftari tulilolichora liko mezani kwa mweka hazina. Wanaotaka kuitazama ikifunguliwa waje sasa, na wavutao sigara twawaomba wasimame upande wa mwembe.