Mwarobaini kwenye sahani ya maabara

Habari kwamba mmea wa asili umeua bakteria maabara husambaa haraka, na ni haki kufurahi. Lakini tuangalie kilichopimwa. Chukua mwarobaini. Mtafiti huloweka majani kwenye ethanoli, hukausha dondoo, huiyeyusha tena, kisha hudondosha kidogo kwenye kikaratasi cha duara kilicho juu ya sahani iliyopandwa bakteria, tuseme Staphylococcus aureus, yule wa majipu. Sahani hukaa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi, dawa ikiwa na nguvu, kikaratasi huzungukwa na eneo tupu pasipoota kitu, nalo hupimwa kwa rula, kwa milimita.

Huo ni mwanzo tu. Nyumbani hatutumii ethanoli. Tunachemsha majani kwa maji, na viambato vinavyotoka si vilevile. Hata spiriti huua bakteria, wala hatuinywi.

Kinachonisumbua zaidi ni usalama, maana ndio hupimwa mwisho au husahaulika kabisa. Mapema miaka ya 1980 madaktari nchini Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini: walitapika, wakapata degedege, na wengine wakafa. Mmea uleule tunaouamini.

Watafiti wetu, wakiwemo wa Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, wapewe fedha za kuchunguza pia athari zake kwa ini na figo. Na mganga anayewaonyesha mti wa dawa porini atajwe kwenye hati ya utafiti, na dawa ikiuzwa, apate fungu lake.