Ngao Mbili za Haragwe

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya mbegu ya maharagwe, na kazi ya mabingwa wanaoitengeneza iwe bora. Pengine mmoja wenu atasema, "Maharagwe twayajua tangu utoto, kuna neno gani jipya?" Neno lipo, nalo lahusu chungu cha kila nyumba.

Asili ya maharagwe ni Amerika. Wenyeji wa huko waliyatoa mwituni wakayafanya mmea wa shamba mahali pawili mbalimbali: pande za Mexico, na pande za milima ya Andes. Kwa hiyo hata leo zipo koo mbili, ule wa Mexico wenye punje ndogo kwa kawaida, na ule wa Andes wenye punje kubwa. Yalipofika Afrika yalistawi, walakini yalikuta maadui.

Adui mmoja ni ugonjwa wa batobato. Majani hupata mabaka ya kijani na manjano, hujikunja, na mmea hudumaa. Waletao ugonjwa huu ni virusi, vilivyo vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Huchukuliwa na vidukari, wale wadudu laini wajazanao chini ya majani. Tena hukaa ndani ya mbegu yenyewe. Basi mtu awekaye mbegu ya mmea mgonjwa huweka ugonjwa ghalani mwake. Wala hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuugua. Kinga yatakiwa iwe ndani ya mbegu.

Mabingwa waliona kwamba maharagwe mengine yana kinasaba, yaani kile kitu kidogo cha urithi, kiwezacho kuzuia batobato. Walikiita kwa herufi I. Lakini katika Afrika Mashariki wapo virusi wa jamaa hiyo walio wakali zaidi. Wakiingia katika mmea wenye I peke yake, mara nyingi mmea huo hufa: ncha hunyauka, na mishipa na mizizi hugeuka myeusi. Sababu ni kwamba I huzuia ugonjwa kwa kuua sehemu iliyoingiliwa. Mbele ya virusi wakali, mauti hayo hayaishii hapo, bali huenea mmea mzima. Ni kama mtu achomaye pembe ya nyumba ili kuua siafu, moto ukala nyumba yote.

Kwa hiyo yatakiwa ngao ya pili, nayo ni kinasaba kiitwacho bc-3. Hiki huwanyima virusi kitu wanachokihitaji ili wapate kuzaana. Mmea wenye ngao zote mbili una salama kubwa, kwa kuwa virusi wakigeuka na kuishinda moja, wataikuta nyingine.

Basi huunganishwaje? Ua la haragwe lina sehemu za kiume na za kike pamoja, nalo hujizalisha lenyewe. Bingwa hufungua kitumba kabla hakijachanua, huondoa sehemu za kiume, kisha hupaka unga wa ua la mmea mwingine. Watoto hufanana, katika wajukuu ndipo tabia zitawanyikapo, kwa kanuni aliyoichapisha Mendel mwaka 1866. Kinasaba bc-3 hakifanyi kazi mpaka kirithiwe kwa baba na kwa mama pia. Kwa hesabu hiyo, katika wajukuu 16, ni mmoja tu, kwa wastani, aliye na ngao zote mbili kwa ukamilifu.

Hapa ndipo penye shida. Desturi ya kupima ni kusugua majani kwa maji ya mmea mgonjwa, na kungoja. Lakini mmea wenye bc-3 hauugui, uwe na I au usiwe nayo. Ngao moja yaificha nyingine! Kuijua kweli kulihitaji kuzalisha na kupima tena, msimu baada ya msimu.

Siku hizi bingwa huchukua kipande kidogo cha jani la mche, hutoa humo DNA, ndiyo molekuli ichukuayo urithi, na huzidisha sehemu aitakayo kwa njia aliyoibuni Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983. Kisha hutazama alama iliyo jirani na I, na iliyo jirani na bc-3. Kwa siku chache ajua mche upi autunze. Mwaka 2014 mabingwa walichapisha maandishi ya urithi wa haragwe, yaliyo katika kromosomu 11, na kazi hii imezidi kuwa nyepesi.

Msidhani kwamba kusoma DNA ni kuigeuza. Mbegu hizi zimezaliwa kwa maua na unga wake, kama zamani. Alama ni taa tu ya kumulikia. Tena jirani si mwenye nyumba: pengine alama na kinasaba huachana, kwa hiyo shamba la majaribio lingali lahitajika. Wala alama hizo hazisemi kama maharagwe yaiva upesi na mchuzi wake ni mzito. Hayo huamuliwa na mama jikoni, naye akiyakataa, kazi ya miaka imepotea.

Nanyi wakulima mna sehemu yenu. Chagueni mbegu shambani, mimea ingali na majani, wala msingoje mpaka punje zimechanganyika ghalani. Ng'oeni iliyo na batobato. Mkipewa mbegu mpya, pandeni mistari michache kando ya ile ya zamani, mlinganishe mavuno, mkapike, ndipo mwamue. Nyumba njema si mlango: punje ing'aayo mkononi yaweza kuwa na ugonjwa ndani yake.