Redio ya Jamii Sombetini: Tuanze na Watu



Wapendwa wanakamati wa sharika na wafadhili wetu,

Redio si jambo geni kwetu Walutheri. Sauti ya Injili ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963. Serikali ya Ethiopia ilipoitaifisha mwaka 1977, mitambo ilikwenda, lakini studio ya Moshi na watayarishaji wake walibaki, na kazi ikaendelea.

Nasi tuanze na watu. Mtambo mdogo wa FM utasikika Sombetini, Unga Limited na majirani. Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, hawatatusikia, maana mawimbi ya FM hayapenyi mlima. Tusiwachangishe kwa ahadi hiyo.

Leseni ya TCRA ni lazima. Mtambo hununuliwa mara moja. Umeme, ada na posho za watangazaji havikomi. Wafadhili tunawaomba vifaa na mafunzo. Sharika tunaziomba vijana na akina mama wa kuandaa vipindi, pamoja na mchango wa kila mwezi. Bila mchango huo, tusisimamishe mnara.

Rudini mkajadiliane: usharika wenu utabeba nini?