Kiwanja cha Abrahamu



Wengi wenu mnaonisikiliza asubuhi hii ni wapangaji. Mwalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na huku mwajinyima ili siku moja mpate kiwanja chenu. Someni basi Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23. Abrahamu, aliyeahidiwa nchi nzima, aliishi Kanaani kama mgeni. Ardhi ya kwanza aliyoinunua ilikuwa ya kumzikia mkewe Sara. Efroni Mhiti alitaka kumpa bure. Abrahamu hakukubali. Alimpimia shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote waliokuwa langoni pa mji.

Na sisi je? Twanunua jioni, kwa dalali tusiyemjua, kwa karatasi isiyo na shahidi. Kisha anatokea mnunuzi wa pili mwenye karatasi kama ile ile.

Linalonisikitisha zaidi ni mume anayemficha mkewe ununuzi huo, ingawa akiba ile imetoka pia katika maandazi aliyoyakaanga mama tangu alfajiri. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa kuuza kwahitaji ridhaa, mbona kununua kufanywe siri?

Nendeni wote wawili. Waulizeni majirani wa kiwanja kile, ulizeni na ofisi ya ardhi, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na katika hati, jina la mama liandikwe pamoja na la baba.