Ukipanda Ngazi, Utashindwa Kwanza

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya klabu ya afya ya wanafunzi wa sekondari. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

Haya, leo sizungumzii malaria wala minyoo. Leo nataka tuongee juu ya gemu. Naona mwalimu wa zamu ananitazama kwa jicho kali! Mnivumilie kidogo, mwisho wake mtauona.

Kuna gemu za kompyuta za kukimbizana, na kuna zile za kucheza kwa zamu. Wewe unafikiri, unafanya lako, ndipo mwenzako naye afanye lake. Jambo hilo si geni kwetu, kwani bao ni hivyo hivyo. Na bao nalo lina ngazi. Mtu huanza na bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, na zote 64 ziko wazi mbele ya macho. Akishakomaa anahamia bao la Kiswahili. Huko kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, ana nyumba ya kulinda, na lazima anamue kwanza kabla ya kufika kwenye mtaji. Anayehama kutoka hili kwenda lile hufungwa, tena hufungwa vibaya. Hakuna anayemshangaa.

Gemu ninayotaka kuizungumzia ni Civilization VI, iliyotoka mwaka 2016. Ya kwanza ya ukoo huo ilitolewa Marekani mwaka 1991 na Sid Meier na wenzake. Unaanza na kundi moja la walowezi na askari mmoja. Unajenga mji, unalima, unagundua maandishi, unapigana au unapatana na majirani, mpaka unafika zama za kurusha roketi. Ngazi zake za ugumu ni nane. Ya nne inaitwa Prince, na hapo wewe na kompyuta mko sawasawa. Ya nane, ya juu kabisa, inaitwa Deity.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilikuwa nashinda Prince kila mara. Nikajiona bingwa. Usiku mmoja nikaruka moja kwa moja mpaka Deity. Jamani! Kabla mji wangu wa pili haujasimama sawasawa, jirani alikuwa na miji mitano na jeshi lake liko mlangoni. Nikafutwa. Nikaanza upya, nikafutwa tena. Basi nikawa narudisha gemu nyuma, pale nilipoihifadhi, nabadilisha hatua moja, naendelea. Najiambia, "zamu moja tu, halafu nalala." Kwa kweli sikuwa nacheza tena. Nilikuwa nakataa kushindwa.

Adhana ya alfajiri ikanikuta nimekaa pale pale. Saa mbili asubuhi nikaingia kwenye mtihani wa takwimu. Maswali nilikuwa nayajua, lakini kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Nikafeli. Wenzangu walipokwenda likizo, mimi nikabaki kufanya mtihani wa marudio. Mama akapiga simu kuuliza mbona sirudi nyumbani. Nikamwambia naumwa malaria.

Ndiyo, mnacheka. Mimi ambaye leo nazunguka mashuleni kuwafundisha afya, nilimsingizia mbu.

Mwenzangu wa chumba, ambaye alicheza gemu hiyo muda mrefu kuliko mimi, aliniuliza swali moja. "Hebu niambie, kompyuta imekuzidi nini?" Nikajibu, "Akili." Akacheka. "Haikukuzidi akili. Imekuzidi mtaji."

Akanieleza. Katika Deity kila mpinzani anaanza na makundi matatu ya walowezi, wewe una moja. Uzalishaji wake unaongezewa asilimia 80, maarifa ya sayansi asilimia 32, na jeshi lake linapewa nguvu ya ziada katika kila pigano. Lakini kufikiri kwake ni kule kule. Bado anawaleta askari wake mmoja mmoja chini ya ukuta wako, wapigwe. Kwa hiyo aliyenifunga alikuwa mtu yule yule wa Prince, ila safari hii mfuko wake ulikuwa mzito. Nami nilikuwa nacheza kana kwamba mfuko wake bado ni mwepesi.

Kuanzia hapo nilijifunza mambo manne, nami nawapeni.

La kwanza, panda ngazi moja moja. Baada ya Prince kuna King. Hapo mpinzani anaongezewa asilimia 20 tu ya uzalishaji na 8 ya sayansi. Utaumia, lakini utaona kilichokuumiza. Ukiruka ngazi nne kwa mpigo unapigwa kutoka kila upande, hujui hata uanze kujirekebisha wapi.

La pili, chunguza mazoea yaliyokupa ushindi huko chini. Mimi nilipenda kujenga maajabu mapema, Stonehenge na mengine ya namna hiyo. Kwenye Prince yalinipa sifa. Juu, mwingine anamaliza kabla yako, na raundi ulizotumia hazirudi. Huko mwanzo ni wa kupeleleza jirani yuko wapi, kupata wapiga kombeo wawili wa kulinda nyumbani, na kuwahi mji wa pili na wa tatu. Tena mpiga kombeo akiua adui, safari yako ya kujifunza upinde inafupishwa. Hakuna fahari hapo, ila unabaki hai.

La tatu, ukishindwa, andika. Nilinunua daftari la kurasa 40. Kila nikifutwa niliandika mambo mawili: nimeanguka raundi ya ngapi, na kosa lilianza raundi ya ngapi. Nikagundua kwamba naanguka raundi ya 60, lakini kosa nilishalifanya raundi ya 15, nilipoacha mji bila mlinzi. Ndiyo maana kurudisha gemu nyuma hatua moja hakukunisaidia kitu. Nilikuwa nafuta moshi wakati moto uko jikoni.

La nne, weka saa, na saa ikifika, zima. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walishauri kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku. Usingizi si uvivu. Ukilala, ubongo unapanga na kuhifadhi uliyojifunza mchana. Usipolala, kesho unarudia kosa lile lile, iwe kwenye gemu au kwenye hesabu. Kucheza peke yake si ugonjwa, na wengi wanaocheza hawaumwi. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili ni hizi: huwezi kujizuia, gemu inatangulia mbele ya kila kitu, na unaendelea ingawa unaona inakuharibia. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12. Ukijiona humo, usione haya. Mwone mshauri wa shule au nenda kituo cha afya.

Sasa niwaulize. Mnakumbuka mlipotoka darasa la saba? Wengi wenu mlisoma sayansi kwa Kiswahili, mkaingia kidato cha kwanza mkakuta baiolojia kwa Kiingereza. Alama zikashuka. Wangapi walijiambia, "Basi, mimi sina akili"? Wangapi wameanza kukesha au kunakili kwa jirani ili aibu isionekane? Akili yako ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni mtaji wa maneno, na huo unakusanywa kidogo kidogo, maneno matano leo, matano kesho.

Mimi nilirudi chini nikaanza King. Nilifungwa mara nne, ya tano nikashinda. Deity nimeshinda mara moja tu maishani, tena mchana, wakati wa likizo.

Na mama? Bado anaamini nilikuwa na malaria. Nikitoka hapa nampigia simu, kabla hajayasoma haya gazetini.



Jadilini na wenzenu:
1. Ni somo gani lililokushinda ulipopanda darasa? Kosa lilianzia wapi?
2. Ni mazoea gani yaliyokusaidia zamani ambayo sasa yanakukwamisha?
3. Umewahi kumficha mzazi kwamba umefeli? Unadhani angesema nini kama ungemweleza?