Samaki Gani Akae na Uduvi Tangini?

(Maongezi ya Kamati ya Samaki mbele ya wanachama. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Mkutano uliopita uligawanyika. Wengine walisema tangi la uduvi litiwe samaki, maana maji yaliyotulia karibu na nyumba huzaa mbu, na malaria hapa kwetu hakuna asiyeijua. Wengine wakasema samaki watamaliza uduvi wote kabla ya mwezi kuisha. Kamati ikaambiwa itafute samaki atakayeridhisha pande zote mbili. Tumeangalia, na haya ndiyo majibu yetu.

Kwanza tukumbushane tangi lile ni la nini. Uduvi wale si wa mboga, na wala hawatoshi kulisha kuku wa kijiji kizima. Ni kwa ajili ya vifaranga vya kambale wa bwawa letu. Kifaranga cha kambale kikikosa chakula chenye uhai hugeuka kikamla mwenzake, tena huanza na mkia. Kwa hiyo tangi likifa, bwawa nalo linapungua, na fedha ya mavuno inapungua. Si jambo la mchezo.

Sasa uduvi mwenyewe. Huyu wetu wa Ziwa Viktoria ni mdogo, akikomaa hazidi sana sentimita 2 au 3. Yeye huzaa humu humu katika maji baridi. Si kama wale kamba wakubwa wa mito ya pwani, ambao watoto wao hawakui bila maji yenye chumvi kidogo. Jike hubeba mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe. Mtoto akitoka ni kitu cha kuonekana kwa shida, macho mawili na kamkia. Halafu uduvi hukua kwa kujivua gamba, na kila akijivua mwili wake ni laini, hana silaha, hujificha mpaka gamba jipya likakamae. Mtoto na aliyejivua, hao wawili ndio wanaoliwa kwanza.

Basi tukaanza kupanga samaki mmoja mmoja.

Sangara hatuna haja ya kumzungumza sana. Alipandwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na furu walipokwisha katika miaka ya 1980, sangara wadogo waliishi kwa uduvi hawa hawa. Kambale naye hula kila kitu, na ndiyo maana tunamfugia uduvi kama chakula! Kumtia tangini ni kumkabidhi fisi bucha. Gogogo hupekua chini usiku kucha. Hao watatu tumewaondoa mara moja.

Sato wengi mnampenda, mkisema hula majani tu. Ni kweli chakula chake kikubwa ni ukijani wa majini, lakini akikutana na wadudu na vidudu hawaachi. Tena huchimba viota, hutibua maji, na kwa kuwa jike hulea watoto mdomoni, utawatia sato 5 leo na baada ya miezi michache huoni maji kwa sato. Ngege ni mpole zaidi, yeye huchuja ukijani mwembamba, lakini siku hizi kumpata ni kazi kubwa.

Furu si samaki mmoja, jamani. Wapo waliokwangua mawe, waliokula matope, wenye kuvunja konokono, na wapo ambao kazi yao ilikuwa kula uduvi. Kwa macho tu huwezi kuwatenga. Kuna aliyependekeza furu mla konokono, kwa ajili ya kichocho. Wazo si baya, ila wataalamu walikwisha mjaribu katika mabwawa huko Kamerun. Watoto waliozaliwa bwawani, wakiwa na chakula laini tele, walikua na taya dhaifu, konokono wakawashinda. Konokono wetu tutawaokota kwa ungo, mkono ukiwa nje ya maji, na majani kutoka ziwani yasiingie tangini kabla ya kukaushwa juani. Magugu maji yasiletwe kabisa hata yakiwa yamekauka, mbegu zake hukaa muda mrefu.

Wakabaki wale visamaki wa mbu, waliosambazwa nchi nyingi kwa ajili ya malaria. Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote. Hebu tufikiri pamoja. Kiluwiluwi cha mbu ni kidogo, kinachezacheza, kiko majini. Mtoto wa uduvi naye ni mdogo, anachezacheza, yuko majini. Samaki mwenye jicho na mdomo wa kukamata kile cha kwanza atamwachaje huyu wa pili? Hawezi. Uduvi wazima watapona, lakini wazazi watabaki wanazeeka bila watoto, na sisi tutadhani tangi ni zima kwa sababu tunaona uduvi wanatembea.

Geuza sasa upande wa pili. Samaki anayeweza kukaa na uduvi ni ningu mchanga, kwa sababu mdomo wake umeelekea chini na hukwangua ukijani sakafuni. Lakini huyo mbu hamsumbui, maana viluwiluwi vinakaa juu. Yaani samaki anayeacha uduvi anaacha na mbu. Tumezunguka, tumerudi pale pale: samaki wa kuridhisha pande zote mbili hayupo.

Shauri letu ni hili. Tangi la kuzalishia lisitiwe samaki yeyote. Mbu wazuiwe kwa kifuniko cha wavu wa matundu madogo, ufungwe pande zote usiachie hata upenyo wa kidole. Na hapa tunaomba tusikilizwe vizuri: chandarua chenye dawa kisitumike, wala kufunikia, wala kuchotea. Dawa ile huua uduvi upesi sana, na samaki pia. Vivyo hivyo bomba la kupulizia kahawa au pamba lisioshewe karibu, na mrututu usifike pale hata kidogo. Ndoo ya tangi ibaki ya tangi.

Wavu ukichanika, mbu anahitaji kama wiki moja au zaidi kidogo kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo mkaguzi akipita kila siku ya tatu, viluwiluwi vitaonekana mapema na kuchotwa kwa chujio la chai.

Tangi la pili, la uduvi waliokwisha kukomaa, linaweza kupewa ningu wachanga 4, wasizidi, pamoja na mafungu ya matete ya kujifichia. Wakirefuka kupita kiganja warudishwe mtoni. Katika tangi hawatazaa, wao hutaka mto uliojaa.

Anayebisha, na kubisha ni ruhusa, alete samaki wake tumpime. Tutamtia katika beseni pamoja na majani na uduvi 20 waliohesabiwa, wadogo kwa wakubwa, tumlishe pumba ashibe, tulale. Asubuhi tutahesabu mbele yake. Wawe hai tu, maana mkutano uliopita mtu alituletea samaki wa kubanikwa.

Kura ni mkutano ujao. Wavu unatakiwa mita 4 kwa 3, na mwenye fito zilizonyooka azilete ghalani.