Safari ya Kirilo Japhet: Hotuba kwa Wanachama



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya historia ya uhuru. Desturi ya sherehe kama hizi ni kusimulia mambo ya Dar es Salaam na ya tarehe 9 Desemba 1961. Hayo mnayajua. Sisi twapenda kuwapeleka New York, mwaka 1952, kwa kuwa safari ile ilianzia jirani nasi, na nauli yake ilitoka katika mifuko ya wakulima.

Siku zile wilaya ya Mbulu, pamoja na Gitting yetu hii, ilikuwa katika Jimbo la Kaskazini, jimbo moja na Arusha. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili walowezi wa Kizungu wapate kufuga ng'ombe pale. Nyumba zilichomwa moto. Wenyewe waliambiwa wahamie King'ori, wakakataa.

Sasa angalieni walivyofanya. Tanganyika haikuwa koloni hasa. Ilikuwa nchi ya udhamini, ambayo Uingereza iliitawala kwa mapatano na Umoja wa Mataifa ya mwaka 1946. Kwa hiyo mwananchi aliweza kupeleka malalamiko yake yakasikilizwa na mataifa mengine, Mwingereza mwenyewe akiwapo. Jirani zetu wa Kenya, walionyang'anywa mashamba vile vile, hawakuwa na mlango huo, maana nchi yao ilikuwa koloni. Wameru waliuona mlango, wakabisha hodi. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, naye akasaidiwa na wakili Earle Seaton, mtu mweusi wa kisiwa cha Bermuda aliyefanya kazi yake Moshi. Kirilo akawa mwananchi wa kwanza wa Tanganyika kusimama mwenyewe na kunena mbele ya Umoja wa Mataifa.

Je, walirudishiwa ardhi? La. Kamati ya Nne iliafiki azimio la kuwatetea, lakini katika Mkutano Mkuu azimio hilo halikupata theluthi mbili za kura. Wako wasemao kwamba basi fedha zile zilipotea bure. Sisi hatukubali. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wakafahamu kwamba hata Gavana anaye wa kumwuliza hesabu. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitembelea nchi, ukaandika kwamba Tanganyika yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Waingereza hawakupendezwa hata kidogo. Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Wakulima wa kahawa walikuwa wamekwisha kuifyeka njia ile. Wala miaka 20 haikungojwa.

Yapasa tuseme na neno lisilozoeleka katika sherehe. Uhuru ulipopatikana udhamini ulikwisha, na mlango wa New York ukafungwa. Hapa Hanang mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Baadaye kilio cha Wabarabaig kilivuka bahari, kikawafikia watu wa Kanada waliokuwa wakilipa kodi iliyonunua matrekta. Kwa maoni yetu habari hii na ile ya Engare Nanyuki zapaswa kusomwa pamoja, ijapokuwa ya pili yatugusa zaidi na haisimuliwi sana.

Wazee walioisikia safari ya Kirilo ilipokuwa habari mpya wamebaki wachache. Twaiomba Halmashauri iagize kila chama cha msingi kiwaendee wale walio katika eneo lake, pamoja na wazee wa Mulbadaw, maneno yao yaandikwe kabla ya mavuno yajayo, na nakala moja iwekwe katika ofisi ya Chama Kikuu.